Mhusika Si Sura Wala Mavazi

Hapa Mwanza ukitaja tu kwamba riwaya fulani inatengenezewa filamu, utajibiwa: "Mradi mhusika abaki kama alivyo kitabuni." Nimechoka kulisikia hilo. Abaki kama alivyo kwa lipi? Wengi wakibanwa hutaja sura, mavazi na maneno anayosema, yaani yale yale unayoweza kuyabadilisha bila kumdhuru mhusika.

Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Riwaya nene haiingii kwenye kurasa 100 hata uisukume kwa goti. Shangazi wawili watakuwa mmoja, safari tatu zitakuwa moja. Hilo halina mjadala, tuendelee.

Kinachoudhi zaidi ni prodyuza anayetunza vyungu na nyumba za nyasi, kisha anamgeuza mtu mwenyewe. Mchukue Myombekere, mhusika wa Aniceti Kitereza katika riwaya ya Ukerewe iliyokamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mkewe, Bugonoka, hajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanamchukua. Myombekere anamfuata ukweni, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, analipa. Prodyuza anasema hapo filamu inalala, weka ugomvi. Haya, mweke apige kelele na kumburuta mkewe, uone: jina limebaki, mtu kaondoka.

Na wala hailali. Ndizi zinavundikwa shimoni mpaka ziive, zinakamuliwa kwa nyasi, maji yake yanachujwa, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yanaachwa yachachuke. Hizo ni sini tatu fupi: shimo linafunikwa majani, mikono imezama kwenye mtumbwi wa kukamulia, nyasi zimenatana vidoleni, kisha vyungu vinabebwa kwenda ukweni, hatua zinapimwa pombe isimwagike. Hajasema neno, na mtazamaji ameshajua mke huyu ana thamani gani kwake. Kosa la kila siku ni kumwongezea rafiki wa kumuuliza, "Kwa nini unajitesa hivi?" Akishajieleza tu, vyungu vinageuka mapambo.

Kupima ni hivi. Pitia riwaya na penseli, weka alama kila mahali mhusika anapoamua jambo ambalo angeweza kuliacha. Yanayompata tu usiyahesabu. Kando ya kila alama andika anataka nini, anaogopa nini, nani anamtazama. Kila badiliko lipite hapo. Myombekere akiwa mfupi, hakuna uamuzi unaoyumba. Akiwa tajiri wa kupindukia, faini inakuwa mzaha. Kwa hiyo uwezo wake wa mali ulinde kuliko urefu wake.

Swali la nani anamtazama ndilo linalosahaulika. Kuvusha watu na vifaa kwa kivuko hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, ni gharama, basi wa kwanza kukatwa ni ndugu wa mume, maana "ni watu wa kupita". Ukiwakata, Bugonoka anaondoka bila sababu, mtazamaji anamwona mdekaji. Bakiza hata wawili, wape sini moja ya masimango, inatosha.

Kipimo hiki kinanikwama kwa Rosa, mhusika wa riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana: hilo kamera inaliona. Lakini namna woga ule unavyomkaa Rosa moyoni, na unavyomgeuka akishakuwa mbali na nyumbani, utaipigaje picha? Sauti ya msimulizi juu ya picha inarahisisha kazi ya mwandishi na kumwacha mwigizaji akitembea tu. Labda apewe bahasha akiwa bwenini, peke yake, na kabla ya kuifungua atazame mlango. Mwigizaji mzuri angetosheka na hapo. Ila sini hiyo nimeibuni mimi, na bado sina hakika kama nina haki ya kuiweka.