Kupanga chupa za soda si ugonjwa

Jumamosi iliyopita, katika kikao cha harusi huko Uyole, kijana aliyepewa kazi ya kugawa soda alizipanga chupa zote mezani hadi nembo zikawa zinatazama upande mmoja, akarudi nyuma hatua mbili kuziangalia, kisha akasogeza moja iliyokuwa imepinda kidogo. Mhazini wa kamati alimkazia macho, akanigeukia na kusema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni: "Daktari, huyu ana OCD, mwandikie dawa." Watu wakacheka. Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia tiba, ingawa hapa Mbeya nimeshachoka kulisahihisha hilo. Lakini hiyo OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayomsumbua mtu na matendo anayoshurutika kuyarudia, ambayo nimeisikia ikitamkwa hivyo mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, sitaiacha ipite.

Kila mtu ana vijitabia vyake. Yupo asiyeweza kunywa chai asipoigongesha kijiko ukingoni mwa kikombe mara mbili, yupo anayehesabu ngazi anazozijua idadi yake tangu utotoni, na yupo anayepapasa mfuko mara tatu kuhakikisha simu ipo kabla ya kupanda daladala pale Kabwe, jambo ambalo, kwa msongamano wa pale, ningelishauri hata kwa wasio na kijitabia chochote. Mimi mwenyewe huvaa kiatu cha kushoto kwanza, na nikikosea nikaanza na cha kulia, hukivua. Sijui kwa nini. Hayo yote si ugonjwa, si dalili za mwanzo, wala si "OCD kidogo", kama ambavyo kupenda kulala mchana si malaria kidogo.

Mwongozo wa Marekani wa uchunguzi wa magonjwa ya akili uitwao DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unataka mawazo sumbufu au matendo shurutishi yawe yanakula muda wa mtu, na mfano unaotolewa ni zaidi ya saa 1 kwa siku, au yawe yanamtia dhiki kubwa au kumharibia kazi na mahusiano. Nakiri kwamba hiyo saa 1 hainiridhishi. Anayetumia dakika 50 tumwite nani? Hakuna anayekuja kliniki akiwa amepima muda wake kwa saa ya mkononi, na wengi hawajui hata kitendo chao kinaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa hiyo hupendelea kuuliza: usipokifanya, nini kinatokea? Kule kikaoni niligeuza chupa moja makusudi. Kijana aliiona, akatabasamu, akaendelea kugawa vikombe. Mhojiwa wangu alikuwa amenijibu bila kufungua kinywa.

Wala uajabu wa wazo sio unaomfanya mtu awe mgonjwa. Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva, wakifanya utafiti Uingereza, walionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya watu wa kawaida waliowahoji hupata mawazo yanayojipenyeza bila kualikwa, yakiwemo ya kumdhuru mtu au kufanya jambo la aibu hadharani, na kwamba kwa maudhui hayakutofautiana sana na ya wagonjwa. Tofauti ilikuwa katika uzito, marudio na ugumu wa kuyaacha yapite.

Kuhusu mila ndogo ndogo za kabla ya jambo gumu nitasema kwa ufupi. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand, huko Papua Guinea Mpya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba wavuvi hawakuwa na uganga kwa uvuvi wa ndani, kwenye maji tulivu, ila walikuwa nao mwingi kwa uvuvi wa bahari kuu wenye hatari na kubahatisha. Dereva wa lori anayetoka huku kwetu kwenda Dar es Salaam, akifika mlima Kitonga wenye kona kali akasimama kugonga matairi kwa chuma, anafanya ukaguzi halisi, kwa kuwa tairi lisilo na upepo wa kutosha lina mlio wake. Akimaliza akagusa pia kioo cha mbele kwa kiganja, hapo amevuka kutoka ukaguzi kuingia mila. Kitonga ni Kitonga. Mwacheni aguse.

Sasa nifike kwenye kinachonikera zaidi, nacho ni msemo wetu wa "wasiwasi ndiyo akili". Unamfaa mtu ambaye wasiwasi wake humfanya aangalie mara moja. Hapa kwetu mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza na watu wakiota moto ndani, kuinuka kitandani kuhakikisha jiko la mkaa limetolewa nje ni jambo la uhai, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu wala haimwamshi mtu. Angalia, lione liko nje, ulale. Shida huanza pale mtu aliyekwisha kuliona anapoinuka tena, na ndugu zake, kwa nia njema kabisa, wanamwambia: "Kama huna amani, kaangalie tena." Neno lenyewe wasiwasi tumelipata kwa Kiarabu, ambako waswas ni mnong'ono, hasa ule wa kumtia mtu shaka. Wanazuoni wa Kiislamu wamemzungumzia tangu zamani mtu anayerudia udhu asiamini kwamba ametawadha, na madaktari wa nchi za Kiarabu hadi leo huuita ugonjwa huu al-waswas al-qahri, yaani waswasi unaoshurutisha. Sisi tulilichukua neno, mnong'ono tukauacha hukohuko.

Mwaka 2003 wanasaikolojia Marcel van den Hout na Merel Kindt wa Uholanzi waliwapa watu wazima wa afya jiko la gesi la kuchora kwenye kompyuta, wawashe, wazime na kuhakikisha, tena na tena. Waliorudia kulikagua jiko hilo walikumbuka kwa usahihi uleule kama wenzao waliokagua vitu vingine, ila kumbukumbu yao ilififia, ikapungukiwa undani, na imani yao wenyewe kwa kumbukumbu hiyo ikapungua. Tafadhali lisome hilo mara mbili, kisha usilisome tena. Kuhakikisha hakuondoi shaka bali huizalisha, kwa sababu kitendo kikirudiwa sana macho huacha kukisajili. Tamka neno kufuli mara hamsini uone kama mwishoni bado litakuwa na maana.

Nilikuwa na mgonjwa, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake asitambulike, aliyekuwa akiuza mchele wa Kyela sokoni. Alifunga kibanda saa kumi na mbili jioni na kufika nyumbani saa tatu usiku, ilhali bajaji hutumia dakika kumi na tano. Alikuwa na kufuli mbili. Alizivuta kwa nguvu hadi kidole chake cha shahada kikaota sugu pale kilipopita kwenye chuma. Akashauriwa na jirani azipige picha kwa simu, naye akapiga, na kwa siku nne akapumua. Siku ya tano, akiwa ndani ya bajaji, alijiuliza kama picha ile ilikuwa ya leo au ya jana. Akarudi. Nyumbani binti yake wa darasa la sita alitakiwa kumwambia, "Mama, umefunga," naye akisema kwa sauti iliyochoka haikuhesabika, ikabidi aseme upya.

Nikiwasimulia hayo wana kamati wa harusi hawacheki, lakini wiki inayofuata wanarudia kuuita upangaji wa chupa OCD. Ubaya wake si kwa kijana wa chupa, maana yeye hana linalomsumbua. Ubaya ni kwa mama anayenyonyesha ambaye kila akishika kisu huona picha ya kumdhuru mtoto, akakitupa kisu chini kwa hofu. Huyo anaposikia kwamba OCD ni kupenda unadhifu, hajitambui hata kidogo, hivyo huamini kwamba yeye ni muuaji aliyejificha au kwamba ametupiwa kitu.

Na mimi nimewahi kukosea upande wa pili. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba ananawa mikono "mara nyingi kidogo", nikamuuliza swali langu ninalojivunia, akajibu kwamba asiponawa hakuna neno, nikamwambia ni kawaida, aende. Baada ya miezi minane alirudi ngozi ya viganja ikiwa imepasuka na kutoa damu. Alikuwa ameona aibu kunijibu kweli. Siku hizi hutazama mikono kwanza, ila bado sina hakika ni wangapi wamenipita kwa njia hiyohiyo.

Tiba ipo, na mwanasaikolojia Victor Meyer aliielezea London mwaka 1966: mgonjwa hukabilishwa na kinachomtia hofu, huku akizuiwa kufanya kitendo chake, mpaka hofu ishuke yenyewe. Kwa wengine huongezwa dawa. Inasikika rahisi ukiisoma. Pale sokoni nilisimama na yule mama nyuma ya magunia, akafunga kufuli mara moja bila kuivuta, kisha tukatembea hadi barabarani huku akilia na kuniita mkatili, na mpita njia mmoja akanitazama kama mtu aliyemwibia.

Ilichukua wiki kumi na nne. Binti yake tulimfundisha kujibu, "Mama, swali hilo silijibu," jambo ambalo kwa malezi yetu lilikuwa gumu kwao wote wawili kuliko kufuli zenyewe. Sasa hufika nyumbani saa moja kasoro. Siku ambazo mzigo mpya umeingia hurudi mara moja kuangalia, na sijaamua kama nimwambie aache.