UNIPH ni kina nani na wanatufanyia nini? Maswali na majibu

Kila Ebola ikitangazwa hapa Uganda watu wanasikia hili jina UNIPH redioni, halafu wanaanza kuulizana hao ni kina nani na mbona hatujawahi kuwaona. Haya ndiyo maswali yanayorudi sana.

UNIPH ni hospitali?
Hapana. Ni Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Umma, iko chini ya Wizara ya Afya, ilianza 2013. Ukienda na malaria yako hawakutibu, utarudishwa kituo cha afya. Kazi yao ni kujua ugonjwa gani umeanza, umeanzia wapi, unaelekea upande gani, na kuuzuia kabla haujafika kwako.

Sasa wao wako Kampala, watajuaje kwetu kijijini kuna shida?
Wanajua kupitia kwako, kupitia VHT wako (yule mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini), nesi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), hata mwalimu akiona watoto wanaanguka ovyo. Ukiona nyumba moja inazika watu wawili watatu wakifuatana, au mtu ana homa kali na damu inamtoka, piga 0800 100 066, ni bure, au tuma esemesi kwenda 6767, nayo bure. Timu ya wilaya inakuja kuangalia.

Wakishuku kitu kibaya wanachukua damu. Yule musawo, yaani mhudumu wa afya, anavaa gauni, glavu mbili mbili, miwani, ndiyo anamsogelea mgonjwa, na ile chupa ndogo ya damu inafungwa mara tatu: chupa yenyewe, halafu inawekwa ndani ya kopo lisilovuja, halafu kopo ndani ya boksi gumu lenye barafu, hapo ndipo safari ya Entebbe inaanza. Inapelekwa UVRI, taasisi ya virusi iliyoko Entebbe tangu 1936, ndiyo ile iliyogundua kirusi cha Zika mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika hapo karibu. Sampuli ikishafika, majibu yanaweza kutoka siku hiyohiyo.

Kuripoti mapema kunasaidia kweli ama ni maneno tu?
Angalia wilaya za Kasese na Mubende. Juni 2019 familia moja ilivuka kutoka Kongo kuingia Kasese ikiwa na Ebola. Wakati huo wasawo wa mpakani walikuwa wameshafundishwa na wengi wameshachanjwa, mtoto akatambuliwa haraka, na upande wetu hakuna aliyeambukizwa na hiyo familia. Sasa Mubende 2022: watu walianza kufa mwezi wa nane, wengine wakasema ni uchawi, na Ebola ikatangazwa tarehe 20 Septemba, wakati ilikuwa imeshatembea sana. Ikafika wilaya tisa, wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 kati yao wakafa, wakiwemo wasawo saba. Hizo wiki za kimya ndizo zilituumiza, na inaniuma mpaka leo nikifikiria wale wasawo waliokuwa wanahudumia watu bila kujua wanashika nini. Gulu mwaka 2000 ilikuwa vibaya zaidi, watu 224 walikufa, na Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, ambaye ndiye aliyeshtuka na kupiga simu wizarani, naye akafa kwa Ebola hiyohiyo.

Nikiwa niligusana na mgonjwa watanifungia?
Utafuatiliwa siku 21, maana dalili zikichelewa sana huwa hazipiti hapo. Mtu anakuja kila siku kukupima joto na kukuuliza unaumwa wapi. Kama huna dalili huambukizi mtu, na Ebola haisambai kwa hewa kama mafua, inapita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili. Ila hapa niseme wazi, mama anayeuza nyanya ukimwambia akae nyumbani wiki tatu bila posho wala chakula, unamfundisha kukimbia, na akikimbia msimlaumu yeye peke yake. Serikali ipeleke unga na maharage pamoja na kipimajoto.

Mbona wanatuzuia kuosha maiti yetu?
Kwa sababu mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi sana, na Gulu mazishi yaliambukiza watu wengi. Lakini kuzuiwa kuosha siyo kuzuiwa kuzika. Familia inaweza kuchagua kaburi liwe wapi, kusimama pembeni, kumwita shehe au padri. Mkiona timu inaharakisha bila kuwasikiliza, iambieni, hiyo ni haki yenu.

Chanjo ipo?
Kwa Ebola aina ya Zaire ipo. Ile ya Sudan, iliyotusumbua Mubende, bado ilikuwa haina chanjo iliyoidhinishwa wakati ilipolipuka tena Kampala Januari 2025, na majaribio ya chanjo yake yakaanza tarehe 3 Februari, siku nne tu baada ya tangazo.

Na nikipiga simu halafu ikawa ni malaria tu?
Hakuna shida kabisa, homa nyingi zinaishia kuwa malaria au taifodi, ndiyo maana wanapima. Taja kijiji, parishi, dalili ulizoziona na zilianza lini, acha nambari yako, na wakikupigia tena shika simu.