"Mwenye amepanga kuua atapata tu bunduki": ni kweli?

Huku Goma ukigusia sheria ya bunduki bantu banakuangalia tu, ju masasi tunasikia usiku na hakuna mwenye anauliza nani alikuwa na ruhusa. Njo maana kila mara bantu bengi banauliwa kule ng'ambo, mu kartié banasema ile ile: sheria ni karatasi, mwenye amepanga miezi na miezi atapata silaha ku magendo. Mi nakataa.

Chukua Norwei. 22 Julai 2011 mutu moja aliua bantu 77, 69 kati yabo ku kisiwa cha Utøya, bengi vijana kabisa. Alipanga myaka. Na 2010 alienda mupaka Prague kutafuta silaha za magendo, akazunguka siku kadhaa, akakosa, akarudi kwabo mikono mitupu. Kiisha akafanya nini? Akafanya mazoezi mu klabu ya kulenga shabaha ili apate pistole, bunduki ndefu akaipata na permi ya uwindaji, yote na makaratasi. Magendo njo ilimushinda, njia ya halali njo ilimufungulia mulango! Ku Christchurch 2019, bantu 51 baliuliwa mu misikiti mbili, na mwenye alibaua naye alikuwa na permi. Bunge ya New Zealand haikungoja hata mwezi, kwa kura 119 kwa 1 bakakataza bunduki nyingi za semi-automatic (zinajipakia risasi zenyewe) kama zile alitumia.

Ingine banasema et kupanga sana kunashinda sheria. Hapana, kupanga kunaacha alama. Mwenye aliua bantu 60 ku Las Vegas, Amerika, 2017 alikuwa amenunua bunduki zaidi ya 30 mu mwaka moja tu, na sheria haikulazimisha maduka ya kule kutoa taarifa kama mutu ananunua bunduki ndefu nyingi vile, ilibalazimisha tu kwa pistole. Ile ni tundu, na tundu inazibwa.

Sasa benye kusema sheria inamaliza yote, nabo banakosea. Australia, kiisha bantu 35 kuuliwa ku Port Arthur 1996, serikali ilinunua bunduki zaidi ya 600,000 ikaziharibu, mauaji ya vile ikapunguka sana, lakini haikuisha.

Tusipime bunduki ya kule na kalash (AK-47) ya huku. Ya huku ilikuja na vita, haikupita ku duka, hakuna mwenye aliombwa permi. Kule mutu aliomba, na kuko mwenye alitia sahihi.