Msiuze shamba la michikichi kwa ajili ya sindano

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kasulu. Kijana alianguka kutoka juu ya mchikichi akikata mikungu, ana miezi miwili kitandani, na kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu. Baba yake hakuniuliza habari za mazoezi wala kiti mwendo. "Daktari, ile sindano ya seli shina ni shilingi ngapi? Shamba limeshapata mteja."

Nikamwambia: mzee wangu, usisaini kitu kwanza. Tukaongea karibu saa nzima. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma, na tangu mwaka uanze swali hilo la seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini, nimeshaulizwa na familia nne. Naliandikia jibu sasa, pamoja na maneno mengine ninayoyasikia kwa familia, maana familia ya tano huenda inahesabu miche ya michikichi wakati huu.

"Sindano ya kuotesha uti wa mgongo ipo, ni hela tu"

Haipo. Kilichopo ni utafiti, tena utafiti mzuri unaofanywa na watu makini, lakini bado haujafika mahali ambapo mtu analipa, anachomwa, anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Tangu 2010 kampuni ya Geron ya Marekani ilipompandikizia mgonjwa wa kwanza seli zilizotokana na seli shina za kiinitete, safari imekuwa ndefu. Mwaka uliofuata kampuni ilisimamisha jaribio lile kwa sababu za kifedha, ikiwa imegusa wagonjwa wachache tu. Huko Japani, Chuo Kikuu cha Keio kilimpandikizia mgonjwa wa kwanza Desemba 2021, kwa seli zilizorudishwa kwenye hali ya ujana maabara kisha zikaelekezwa kuwa seli za neva. Machi 2025 wakatangaza matokeo ya wagonjwa wote wanne: wawili walipata nafuu inayopimika, mmoja wao akaweza kusimama. Hiyo ndiyo habari iliyozunguka kwenye simu zenu. Ambacho hakikuzunguka ni kwamba wawili wengine hawakupata nafuu ya aina hiyo, na kwamba wote walipandikizwa kati ya siku ya 14 na ya 28 baada ya kuumia. Mgonjwa wa miezi miwili, kama huyu wa Kasulu, asingepokelewa kwenye jaribio lile hata angekuwa mtoto wa mwenye chuo.

Mayo Clinic ya Marekani nao walichukua seli kutoka kwenye mafuta ya mgonjwa mwenyewe, wakazizidisha, wakamchoma mgongoni. Wagonjwa walikuwa kumi. Saba walipanda angalau daraja moja kwenye kipimo cha ASIA cha jeraha la uti, kile cha A (hasikii wala hasogezi kitu chini ya jeraha) hadi E (mzima), na watatu hawakusogea. Matokeo yalichapishwa 2024. Na Japani hiyohiyo iliruhusu kwa masharti mwishoni mwa 2018 tiba iitwayo Stemirac, kwa ushahidi wa wagonjwa 13 wasio na kundi la kulinganisha nao. Wanasayansi wengi wa nje waliukosoa uamuzi ule waziwazi, na mimi niko upande wao.

Nang'ang'ania kundi la kulinganisha kwa sababu hapo ndipo familia zinapoibiwa. Uti ukiumia, siku za mwanzo unapigwa mshtuko, hata nyuzi za neva ambazo hazijafa zinanyamaza. Mshtuko ukiisha, baadhi ya wagonjwa huanza kurudisha hisia au msuli mmoja mmoja, wenyewe, hasa miezi sita ya mwanzo na polepole hadi mwaka na zaidi. Sasa mchome mtu huyo sindano ya mamilioni mwezi wa tatu. Mwezi wa nne kidole gumba cha mguu kikicheza, sifa zote zinakwenda kwa sindano. Bila watu wengine wenye jeraha la aina ileile ambao hawakuchomwa, hakuna anayeweza kusema kidole kimechezeshwa na nini.

Halafu kuna madhara. Mwanamke mmoja wa Marekani alikwenda Ureno, akapandikizwa kwenye uti tishu za puani mwake, ambazo zina seli za kusaidia neva kukua. Miaka minane baadaye akaanza kuumwa mgongo. Alipopasuliwa, ndani ya uti kulikuwa na uvimbe wa tishu za pua unaotoa ute. Mgonjwa mwingine, wa kiharusi, alizunguka kliniki za China, Argentina na Mexico. Mwaka 2016 madaktari waliandika kwamba mgongoni mwake kumeota uvimbe wenye seli za mtu mwingine. Seli inayojua kukua haijui peke yake mahali pa kuacha.

Dalili moja inatosha kuwatambua wafanyabiashara: jaribio la kweli haliuzi nafasi. Ukiletewa ankara pamoja na picha za waliopona, umefika dukani. Na ule unga wa pakiti wa "seli shina za tufaha" unaopelekwa nyumba kwa nyumba, ukinywewa unasagwa tumboni kama ugali. Hakuna seli ya tunda inayotoka tumboni ikapanda mgongoni kwenda kuunga neva.

Mwaka jana familia moja iliuza ekari zao, ikampeleka kijana wao nje ya nchi kwa sindano tatu. Walinijia baada ya kurudi. Miguu ilikuwa vilevile. Nilipomgeuza, juu kidogo ya mkia kulikuwa na kidonda ambacho kwa nje kilionekana kama sarafu ya mia mbili, lakini kidole changu chenye glavu kilipita ndani kikagusa mfupa. Wakati wanasubiri viza hakuna aliyemgeuza usiku, maana waliamini akirudi atakuwa anatembea. Hakuna kinachoniuma katika kazi hii kama hicho. Majaribio mengi hayampokei mtu mwenye kidonda kilichowazi, mwenye maambukizi, au mwenye magoti yaliyokwisha kukunjamana. Kwa hiyo hata anayeamini kwamba tiba itafika akiwa hai, na mimi naamini watafiti watasogea, hana kazi nyingine leo kuliko kuutunza mwili huo.

Nunueni kioo kidogo cha mkono. Asubuhi na jioni mtazameni mkiani, kwenye nyonga, visigino na vifundo. Kwenye ngozi yetu nyeusi msisubiri wekundu. Tafuteni doa lililokolea kuliko pembeni, lenye joto, au lililokuwa gumu kwa kidole. Kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Kwenye kiti ajiinue au ainamishwe mbele kila nusu saa, na robo saa ni bora zaidi. Ninamwambia kila mgonjwa habari ya kioo, mpaka wauguzi wodini wamekariri.

"Mfupa si umeunga? Mbona hatembei?"

Hapa Kiswahili chetu kinachangia. Tunasema "uti wa mgongo" kwa mifupa, na tunasema "uti wa mgongo" kwa ule ugwe laini unaopita ndani ya mifupa, wenye unene wa kidole kidogo tu. Mgonjwa anawekewa vyuma kwenye hospitali ya rufaa, picha ya baada ya miezi mitatu inaonyesha mfupa umeshika, na familia inadhani kazi imekwisha. Vyuma vimeshika mfupa. Ugwe ni habari nyingine.

Neva ya mkono ikikatika na kushonwa inaweza kuota takriban milimita moja kwa siku. Nyuzi za ugwe haziendi hivyo. Zikiumia zinakutana na kovu, na zinakutana na protini zilizo kwenye ala ya neva zenyewe zinazoziamuru zisimame. Mwaka 1981 watafiti David na Aguayo, wakiwa Montreal, Kanada, waliunganisha kipande cha neva ya mguu wa panya kama daraja kwenye mfumo wake mkuu wa neva, yaani ubongo na ugwe, na nyuzi zikaota ndani ya daraja lile. Kumbe uwezo upo, mazingira ndiyo yanayozuia. Utafiti mwingi wa leo unatoka kwenye jambo hilo: wengine wanapanda seli mpya, wengine wanajaribu kuizima amri ya "simama". Kingamwili ya kuzima protini iitwayo Nogo-A ilijaribiwa Ulaya, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2024, na lengo kuu la jaribio halikufikiwa. Wanaendelea kuchambua ni wagonjwa gani huenda walinufaika.

"Uti umekatika kabisa"

Mara nyingi haukukatika. Umepondwa, na ndani ya kilichopondwa huenda kuna nyuzi zilizobaki. Muulizeni daktari swali hili bila haya: amepima hisia na mkazo wa sehemu ya haja kubwa? Pakiwa na hisia pale, hata kidogo, jeraha si kamili, na matarajio yanabadilika sana.

"Mguu unaruka wenyewe, neva zinarudi"

Ni mikazo ya misuli inayokuja yenyewe. Ugwe ulio chini ya jeraha umebaki bila breki kutoka kwenye ubongo. Mikazo ikizidi ghafla, angalieni kwanza mpira wa mkojo kama umeziba, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), au kidonda.

"Wazungu wanatembea kwa betri, kwa hiyo uti umepona"

Watafiti wa Lausanne, Uswisi, wameweka vifaa vya umeme juu ya ugwe, na mwaka 2023 walitangaza habari za Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyeumia 2011, ambaye kifaa kinasoma ubongo wake na kuuamsha ugwe chini ya jeraha. Anatembea kwa magongo, na baadhi ya maendeleo yalibaki hata kifaa kikizimwa, baada ya mazoezi mengi sana. Kinachofanyika ni kuziamsha nyuzi na mizunguko iliyobaki. Hakuna ugwe ulioota.

"Mkande kwa maji ya moto, miguu itaamka"

Mwezi wa nne mama mmoja wa Ujiji aliweka chupa ya maji ya moto miguuni kwa mumewe usiku, kwa upendo, kwa kuwa miguu ilikuwa ya baridi. Mume hakusikia kitu. Asubuhi alipomvua soksi, ngozi ya kisigino ilikuja nayo. Ilituchukua wiki tisa kukifunga kidonda kile. Miguu ikiwa ya baridi mvalisheni soksi na kumfunika blanketi. Maji ya kumwogesha yapimwe kwa kiwiko cha anayemwogesha, kabla hayajagusa mguu wake.