Je, wajua? Taya la juu likiondolewa, skrubu za meno hushika wapi?

Wengi wakisikia kwamba mgonjwa wa saratani aliyeondolewa taya la juu amewekewa skrubu za titani, hudhani shimo limejazwa chuma na meno yakapangwa juu yake. Sivyo. Mara nyingi shimo hubaki wazi, na skrubu hazizibi chochote. Kuziba ni kazi ya kifaa kingine: kizibo cha akriliki kinachovaliwa kama meno bandia. Skrubu kazi yake ni kukishikilia kisidondoke.

Taya la juu ni dari ya kinywa na pia sakafu ya pua. Nusu yake ikitoka, chai hutokea puani, na hewa ya maneno hupotelea huko huko, hata "baba" ikasikika kama "mama". Kizibo hurudisha dari hiyo. Tatizo ni kwamba meno bandia ya juu hujishikiza kwa kunyonya kaakaa, au kwa vibanio kwenye meno yaliyosalia. Asiye na kaakaa wala meno hana pa kukishikiza, na uzito wenyewe hukivuta chini. Ndiyo maana sehemu inayoingia shimoni huundwa tupu ndani, ili iwe nyepesi.

Skrubu ya kawaida ya jino ina urefu wa milimita 8 hadi 13 hivi. Hapa mfupa wa kuishika umeshakwenda. Uliobaki karibu, tena mgumu, ni mfupa wa shavu, chini kidogo ya jicho. Kwa hiyo hutumika skrubu ndefu ajabu, milimita 30 hadi 52.5, iliyobuniwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, yule yule aliyemwekea mgonjwa wa kwanza skrubu za meno za titani mwaka 1965. Ncha yake huingia shavuni, na sehemu kubwa iliyobaki hupita hewani ndani ya shimo.

Urefu huo una gharama yake. Fundi wa jua kali pale Kisumu akishindwa na nati, huchomeka bomba kwenye mpini wa spana: nguvu za mkono ni zile zile, ila nati inalegea. Skrubu ndefu ndilo bomba lenyewe. Kila tonge la ugali linalotafunwa kwenye ncha ya chini huulemea mfupa wa shavu mara kadhaa zaidi ya kutafuna juu ya skrubu fupi. Kwa hiyo haiachwi peke yake: hufungwa na wenzake kwa upau mgumu wa chuma, ikiwezekana hadi upande wa pili wa uso, na kizibo hubanwa kwenye upau huo. Upau usipokaa sawasawa, skrubu ndogo za kuufunga hulegea kwanza. Hiyo ni afadhali kuliko mfupa kuachia.

Mambo mengine huharibika pia. Keekee ikipotea njia kidogo, inaingia kwenye tundu la jicho. Mionzi ya kutibu saratani hupunguza damu mfupani, kwa hiyo madaktari wengi hupendelea kuweka skrubu siku ile ile ya kukata taya, kabla ya mionzi. Viwango vya mafanikio hutofautiana sana kati ya tafiti, kwa kuwa wagonjwa wa aina hii ni wachache. Mionzi hukaza pia misuli ya kutafunia. Mdomo usiofunguka milimita 35 ni shida kwa keekee ndefu, na hata kwa kuvaa kizibo.

Tahadhari kwa wazazi wa magharibi mwa Kenya: uvimbe wa taya unaokua haraka kwa mtoto huenda ukawa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ambayo hutibiwa kwa dawa. Hapo taya halikatwi.

Kizibo hutolewa kila usiku na kuoshwa kwa sabuni laini na maji yasiyo moto, maana moto huikunja akriliki. Chai ikianza tena kutoka puani, usizibe kwa pamba. Huenda nyama za pembeni zimenywea na kizibo kinahitaji kuongezwa akriliki, au saratani imerudi. Daktari hukitoa na kuchungulia humo shimoni kwa tochi, jambo ambalo haliwezekani kirahisi shimo likishafunikwa kwa nyama iliyohamishwa kutoka mguuni.