Kumwekea mzee taarab kitandani sio mazoezi ya mdundo

Jana tena. Naingia kwa mgonjwa wangu wa kiharusi, redio iko juu ya kabati taarab inalia, mzee kalala chali, binti yake ananipokea kwa furaha, "shikamoo, ile tiba ya mziki tumeshaanza!" Jamani. Mimi nilisema mdundo wa kutembea akiufuata, na nilisema mzee awe amesimama.

Mziki wa kumchangamsha sina ugomvi nao, mpigieni hata kutwa. Ila kwa sisi wa mazoezi ya viungo, mdundo ni saa ya mguu. Aliyepooza upande hatembei polepole tu, anachechemea: ule mguu mzima unakimbilia chini haraka kwa sababu mwenzake hauaminiki kubeba uzito, kwa hiyo unasikia du-du... du-du... Sasa ukimpa tik, tik, tik zilizolingana, ubongo unajua mapema inayofuata inakuja lini na misuli inajiandaa kabla haijafika. Mchezo wote uko hapo kwenye kujiandaa, na kujiandaa huko hakupo kwa mtu aliyelala anasikiliza redio.

Ndo maana nahesabu kwanza. Sekunde 30 mzee kapiga hatua 24, yani 48 kwa dakika, basi metronomu ya simu (ile app inayopiga tik, tik kwa spidi unayoipanga) naiweka 48, sio 60 eti kwa sababu wewe unaona anachelewa! Akitulia napandisha kama asilimia 5, nikiona goti linarudi nyuma au anatupa nyonga nashusha. (Na mtu asimame upande dhaifu, hilo hatujadili.) Wimbo wenu wa nyumbani una spidi yake, haumsubiri mzee, na mwingine mdundo umejificha nyuma ya vinanda mpaka mtu anaishia kumfuata mwimbaji.

Halafu msiniambie nabahatisha. Mtafiti Thaut na wenzake 2007 walitoa matokeo ya wagonjwa 78 wa kiharusi, wiki 3 tu, wa mdundo wakawazidi wale wa Bobath (njia nyingine ya mazoezi ya viungo, isiyotumia mdundo) kwa spidi ya kutembea na urefu wa hatua. Mkono ni habari nyingine, huko siahidi mtu.

Kinachoninyima raha ni pale sauti inapozimwa. Vitabu vinasema punguza taratibu mpaka aende mwenyewe, basi. Jana nimezima simu tukiwa katikati ya ua, mzee kaendelea hatua sita safi kabisa, nikafurahi, kusogea karibu namsikia ananong'ona: tik, tik, tik. Sasa huyu kajifunza kutembea au kaihamishia metronomu mdomoni?