Kabla hujachagua upasuaji, muulize mama anatoka wapi

Madaktari wa kigeni wanaokwenda kufanya kazi katika hospitali za misheni hupitia Nairobi, na baadhi yao hunitafuta kabla ya kuondoka mjini kwa sababu kazi yangu ni upasuaji wa ubongo wa watoto. Maswali yao mengi ni ya vifaa. Kuna mashine ya CT? Damu inapatikana? Umeme ukikatika katikati ya upasuaji inakuwaje? Ni maswali ya msingi na huwa nayajibu moja moja. Lakini ninalotaka waondoke nalo ni swali la kumuuliza mama: unatoka wapi, na mtoto akizidiwa usiku utafikaje hospitalini?

Nitalieleza kwa ugonjwa ninaoujua kuliko mwingine wowote, ule wa watoto wenye vichwa vikubwa.

Ndani ya ubongo kuna vyumba vyenye maji maangavu. Maji hayo hutengenezwa usiku na mchana, kwa mtu mzima karibu nusu lita kwa siku, yakazunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakanyonywa na damu. Njia yake ikiziba, maji hujaa. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijashikana, kwa hiyo kichwa hupanuka, utosi ukavimba, macho yakaelekea chini. Watoto wengine huzaliwa na tatizo hili, mara nyingi pamoja na mgongo wazi. Wengine huzaliwa wazima, wakapata maambukizi ya ubongo katika wiki za kwanza, na baada ya homa kupoa mama anaona kofia ya mtoto haimtoshi tena. Kundi hili la pili ni kubwa katika Afrika Mashariki. Daktari aliyesomea Ulaya hajawaona wengi wa aina hiyo.

Tiba iliyozoeleka duniani ni shanti, yaani mrija wenye vali unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yamwagike huko na kunyonywa. Inaokoa maisha, nami huiweka. Shida yake ni kwamba huziba, au huingia vijidudu, na inaweza kuziba wakati wowote maadamu mtoto yu hai. Katika taarifa nyingi zilizochapishwa, thuluthi moja au zaidi ya shanti za watoto hushindwa ndani ya miaka miwili ya kwanza. Mtoto anayeishi London shanti yake ikiziba, mama hupiga simu na usiku huohuo mtoto anafunguliwa. Mtoto wa Mandera yuko kilomita 1,000 hivi kutoka Nairobi. Anaanza kutapika, analala kupita kiasi, analia akiguswa kichwa. Zahanati inampima malaria na kumpa dawa. Pengine malaria anayo kweli! Siku mbili zikipita hivyo, kwa mtoto aliyezibikiwa, huenda zikawa nyingi mno.

Kwa hiyo mrija uleule, uliowekwa na mikono ileile, ni tiba nzuri kwa mtoto mmoja na hatari kwa mwingine, na kinachowatofautisha ni barabara.

Aliyelichukua jambo hili kwa uzito kuliko wengi ni Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Uganda na familia yake mwaka 2000 kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, hospitali ya Kikristo iliyofunguliwa mwaka 2001. Aliwaona watoto wengi mno wenye vichwa vikubwa, na akaona kwamba kuwategemeza wote kwa shanti ni kuwarudisha nyumbani na hatari isiyo na wa kuisimamia. Ulikuwepo upasuaji mwingine: unaingiza kamera nyembamba ndani ya ubongo na kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya. Hauachi kifaa chochote mwilini. Lakini kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja ulikuwa ukishindwa mara nyingi. Warf aliongeza hatua moja, kuchoma kwa umeme tishu inayotengeneza yale maji. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 2005, watoto wa umri huo walifanikiwa kwa asilimia 66, dhidi ya asilimia 47 waliotobolewa tu. Mwaka huohuo alichapisha pia ulinganisho wa shanti ya bei nafuu kutoka India, yenye bei ya dola 35 hivi, na nyingine ya takriban dola 650. Matokeo ya mwaka wa kwanza hayakutofautiana kwa kiasi cha maana.

Wenye shaka walisema huenda ubongo haukui vizuri bila shanti. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa watoto wachanga 100, uliofanyika palepale Mbale, na baada ya miezi 12 akili za waliowekewa shanti na za waliotobolewa na kuchomwa tishu ile hazikuwa na tofauti ya maana. Leo upasuaji huo unafanywa hata Marekani. Warf alipoondoka Uganda mwaka 2006, kazi ilibaki kwa John Mugamba, daktari wa Uganda aliyemfundisha mwenyewe. Kwangu hilo lina uzito sawa na ugunduzi wenyewe.

Sisemi kila mtoto atobolewe. Maambukizi yakiwa yameacha makovu mengi chini ya ubongo, tundu halisaidii, na hapo shanti ndiyo tiba. Na tundu likishindwa, mara nyingi hushindwa ndani ya miezi sita ya kwanza. Hapa ndipo ninapotofautiana na wageni wa wiki mbili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi wao jembe hulipokea kwa moyo: wanafanya upasuaji asubuhi hadi jioni. Lakini hesabu ya mafanikio wanayoondoka nayo si kamili, kwa sababu mtoto atakayeshindwa atashindwa wao wakiwa kwao. Atakayempokea ni muuguzi wa kliniki mwenye utepe wa kupimia kichwa, pamoja na daktari mkaazi aliye zamu. Wiki mbili zikitumika kumfundisha huyo daktari mkaazi kushika kamera, ninazifurahia kwa dhati. Zikitumika kumwonyesha tu mkono wa mgeni ulivyo mwepesi, sioni faida.

Upande wa makaratasi sina mengi. Bila leseni kutoka baraza la madaktari, KMPDC, daktari wa kigeni haruhusiwi kumtibu mgonjwa Kenya hata kama kazi ni ya kujitolea, na maombi yaanze mapema. Kijabe, ambako hospitali ya misheni imekuwepo tangu 1915 na watoto wa vichwa vikubwa wametibiwa kwa miaka mingi, ni kilomita 60 hivi tu kutoka hapa mjini. Ukaribu huo usiwadanganye. Wodini humo utakuta akina mama waliotoka Turkana, Garissa na Marsabit, wengine wakiwa wamebadilisha magari mara kadhaa huku wamempakata mtoto ambaye hawezi kuinua kichwa.

Basi ninawaomba wageni wangu kitu kimoja cha kuandika, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya mtoto anayeruhusiwa kwenda nyumbani. Kimlenge mhudumu wa zahanati ya kwao, wala si daktari bingwa: mtoto huyu amefanyiwa upasuaji wa maji ya kichwani, akitapika, akilala kupita kiasi au utosi ukivimba, mtibu malaria ukiiona, lakini piga simu leo. Chini yake iwekwe namba ya simu ya wodi inayopokelewa hata usiku, na mama asomewe karatasi hiyo kabla hajatoka getini.